Kugawa duka kwa majina ya ndugu ili kodi ipungue: sheria inaruhusu, lakini ni haki?

Muuza Nondo Igoma

Mwangaluka wakuu. Naomba mawazo, hasa ya wenye maduka na wahasibu mliomo humu.

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Igoma, Mwanza, barabara ya kwenda Kisesa. Nondo, saruji, mabati, rangi, koki. Nilianza na kibanda cha misumari, leo nina stoo mbili na kijana wa kupakia mizigo. Mwaka jana mauzo yaligusa milioni 190, na kwa jinsi watu wanavyojenga Kisesa na Buhongwa, mwaka huu nitafika kama 210. Mnajua maana yake. Tangu Julai 2023 mauzo yakivuka milioni 200 kwa mwaka, VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, inakuhusu.

Mhasibu wangu kaja na mpango. Duka tulipasue vipande vitatu: nondo na saruji zibaki kwangu, mabati yaandikwe jina la mke wangu, rangi na mabomba jina la mdogo wangu. Kila mtu na TIN yake, yaani namba ya mlipakodi, leseni yake, mashine yake ya EFD ya kutoa risiti. Kila kipande kitakuwa chini ya milioni 100, kwa hiyo hakuna VAT, hakuna kuandaa hesabu kamili, kila mmoja analipa ile kodi ya makadirio inayotozwa kwenye mauzo. Nikamuuliza kama huko si kukwepa. Akacheka. "Bosi, kukwepa ni kuficha mauzo. Hapa kila shilingi ina risiti."

Shida iko nyumbani. Mke wangu ni muuguzi, ameajiriwa. Mdogo wangu yuko chuo Nyegezi, mwaka wa pili. Hakuna kati yao anayejua bei ya bati la geji 30. Nilipompa mama watoto fomu asaini, aliinuka akaleta hati yake ya mshahara, akaiweka juu ya fomu na kuupigia kalamu mstari wa PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara. "Mimi yangu inakatwa kabla sijaiona. Halafu nisaini ili wewe usikatwe?" Kisha akaenda zake zamu ya usiku.

Kuhusu sheria mhasibu ananihakikishia niko salama. Mimi naulizia dhamira. Kuna ubaya hapo, au mke wangu ananionea tu?

---

Kijana wa Makoroboi

Mkuu, mbembeleze asaini. Sisi watu wa kanda ya ziwa tumesahau makinikia mara hii, ule mchanga wa madini wa kwenye makontena? Mwaka 2017 tuliambiwa tunadai mabilioni ya dola, ikaisha kwa Barrick, wenye migodi, kukubali kulipa dola milioni 300 na serikali kupewa asilimia 16 kwenye Twiga, kampuni yao ya ubia. Mgodi ukidaiwa unaitwa mezani. Wewe ukidaiwa unapigwa kufuli. Ukitoka hapo kuna leseni, zimamoto, taka, bango. Mwenye wanasheria wa kupanga kodi anapanga. Wewe umepata mhasibu mmoja wa Igoma unaanza kutafuta dhamira!

---

Wakili Mtarajiwa

Mhasibu wako anaishi mwaka 1935. Huo ndio mwaka Duke of Westminster alipowashinda watu wa kodi Uingereza. Mshahara wa mtumishi wa nyumbani ulikuwa haupunguzi kodi ya bosi, lakini malipo ya hati ya ahadi yalikuwa yanapunguza. Basi Duke akamwandikia mtunza bustani wake hati ya miaka 7 ya kumlipa kila wiki, na bwana yule akaendelea kumwagilia maua kama kawaida. House of Lords, mahakama yao ya juu wakati huo, wakasema karatasi ni karatasi. Lord Tomlin akaandika kwamba kila mtu ana haki ya kupanga mambo yake ili kodi iwe ndogo. Lord Atkin peke yake alikataa.

Wanaoipenda hukumu hiyo huwa hawafiki 1981, kwenye kesi ya Ramsay. Humo Lords walianza kutazama mpango mzima, na hatua ambazo hazina biashara yoyote ndani yake zaidi ya kupunguza kodi zikakosa kinga. Na huna haja ya kwenda London. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato ya 2004 inamtaja waziwazi mtu anayejaribu kumgawia mwenzake mapato ili kodi ishuke, na inampa Kamishna mamlaka ya kuyarudisha yalikotoka. Kwa hiyo hilo neno "salama" mwambie mhasibu akuandikie na asaini yeye.

---

Mama Dagaa Mwaloni

Mwanangu wa Igoma, shikamoo yako naipokea hata kama hujaitoa. Mimi nauza dagaa hapa Kirumba Mwaloni. Ushuru wangu unahesabiwa kwa gunia. Dagaa wakauke wasikauke, Wakongo waje wasije, gunia likitoka nimelipa. Sina cha kupanga, kwa hiyo mambo ya Duke siyawezi.

Nauliza upande wa mke. TIN ikiwa yake, siku deni likija barua ina jina la nani? Ya kwako au ya muuguzi aliyekuwa zamu? Na siku mkinuniana, yale mabati ni ya nani? Nimeona hapa mwaloni mtumbwi na injini vimeandikwa jina la shemeji "kwa muda tu". Shemeji yule leo ana mitumbwi.

Huyo mwanamke hajakuonea. Kasoma alichopewa kusaini.

---

Mzee wa Leja

Nimestaafu, naishi Pasiansi, na karatasi za namna hii nimeziandaa sana, kwa hiyo sitajifanya padri. Nianze na hesabu, maana naona mnagombania maadili ya mpango ambao hata hauna faida.

Kwanza, mke hafai kwa mpango huo. Kodi ya makadirio ni ya mtu ambaye mapato yake ni ya biashara peke yake. Mwenye mshahara hayumo. Muuguzi akiandikishwa mwenye duka la mabati, faida ya duka inajumlishwa na mshahara wake na anatakiwa kuleta hesabu kamili. Mhasibu asiyejua hilo usimpe hata daftari la madeni.

Pili, kodi ya mapato. Natumia viwango vya 2024. Mauzo milioni 210, tuseme faida baada ya gharama zote ni asilimia 10, milioni 21. Kwa viwango vya mtu binafsi unalipa 1,536,000 kwa milioni 12 za kwanza, na asilimia 30 ya zile 9 zinazobaki. Jumla 4,236,000. Ukipasua vipande vitatu vya milioni 70, kila kimoja kinatozwa asilimia 3 hivi ya mauzo, upate faida usipate. Hapo unazungumzia milioni 6 na kuendelea. Sawa, kuandaa hesabu kamili kuna gharama yake. Lakini na mashine tatu na leseni tatu zina gharama.

Tatu, VAT yenyewe, ambayo watu wanaiogopa kama mamba. Umenunua bati kwa 23,600, humo 3,600 ni VAT. Hujasajiliwa, unaliuza 26,000, umepata 2,400. Ukisajiliwa, ile 3,600 unaidai, bati limekugharimu 20,000. Weka faida ile ile, 22,400, ongeza asilimia 18, mteja analipa 26,432. Tofauti ni shilingi 432.

Sasa chukua bati lile lile ulilonunua 22,000 bila risiti. Hujasajiliwa, unaliuza 24,400. Ukisajiliwa huna cha kudai, na bei inaruka hadi 28,792. Anayelia kuhusu VAT kwa kawaida analilia hapo. Nakuuliza mbele za watu: mzigo wako unaununua kwa risiti?

Kuhusu dhamira, nilikuwa na kipimo kimoja kwa wateja wangu. Kama TRA, mamlaka ya mapato, isingekuwepo kabisa, duka hili ungeligawa hivi? Nilikuwa na mteja wa Sengerema aliyemwachia mkewe mashine ya kukoboa. Mama alikuwa na funguo, anaajiri, anafukuza, na mume akitaka unga analipa. Kodi yao ilipungua na sikuona haya kuitetea. Wewe unataka mwanafunzi wa Nyegezi awe na duka la mabomba ambalo hajawahi kulifungua mlango. Risiti itakuwa ya kweli na jina lililo juu yake la uongo. Kijana wa Makoroboi anasema wakubwa wanafanya. Wanafanya, na ndiyo maana tulikasirika 2017. Hasira ile ilikuwa juu ya nini, kama si makaratasi yasiyofanana na kilichomo ndani ya kontena?

---

Muuza Nondo Igoma

Mama, shikamoo. Mzee, shikamoo na asante. La mshahara wa mke sikuwahi kuambiwa, mhasibu nimempigia hajapokea.

Risiti: saruji na nondo ninazo zote. Mabati kiasi. Rangi na koki zinatoka Kariakoo na mabasi ya usiku, na huyo muuzaji ukimwomba risiti anakupa bei nyingine. Hapo mmenishika.

Ila kuna jambo hamjaligusa. Ng'ambo ya barabara kuna mwenzangu mwenye TIN nne, ukoo mzima ni wafanyabiashara. Bati lake ni chini kwangu kwa 1,500 tayari. Nikijisajili VAT peke yangu mtaa mzima, nitamuuzia nani?

---

Mzee wa Leja

Marahaba. Anayenunua bati tano za choo atakwenda kwake, huyo usimhesabu. Mkandarasi aliyesajiliwa anahitaji risiti yenye VAT ili naye aidai, na mwenye TIN nne hawezi kumpa. Fungua daftari lako la mwaka jana, pigia mstari wakandarasi, shule na watu wa miradi, ujumlishe walinunua kiasi gani. Ikiwa ni zaidi ya nusu ya mauzo, jisajili bila hofu. Ikiwa ni chini ya hapo, rudi hapa na hizo namba, tuanze na huyo muuzaji wa Kariakoo.