Kitambi baada ya 40: ni umri, au tunausingizia? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari zenu. Juzi nimeenda kushona suti kwa fundi wangu hapa Morogoro. Ana daftari la vipimo la tangu enzi hizo. Kafungua ukurasa wangu wa 2014: kiuno inchi 33. Kazungusha futi kamba, kakaa kimya, kaandika 39. Hiyo ni sentimita 99, na sisi wanaume tunaambiwa tuanze kujihadhari kwenye 94.

Nina miaka 46. Siku zote nasema umri umeenda, mwili hauchomi tena chakula. Sasa nimekutana na utafiti wa Herman Pontzer na wenzake wa 2021: watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia kichanga wa siku 8 hadi wazee wa miaka 95. Ukishazingatia ukubwa wa mwili, uchomaji ni ule ule kuanzia miaka 20 hadi 60. Baada ya hapo ndipo unashuka, kama asilimia 0.7 kwa mwaka. Nimebaki sina cha kusingizia. Nyie je? Taja na umri.

*Miaka 27, bodaboda:*
Mimi mwembamba, kilo 62. Nimepimwa sukari asubuhi sijala kitu: 6.4, juu ya kawaida. Nikabisha, nikasema mashine mbovu. Nimerudia wiki iliyofuata, 6.3. Nesi akasema hata wembamba wana mafuta, yanajificha tumboni na kwenye ini. Kutwa niko juu ya pikipiki, soda mbili, usiku chipsi mayai. Soda nimeacha. Chipsi bado tunapigana.

*Miaka 38:*
Nakimbia kila Jumamosi, kilo ziko pale pale. Ila nikimaliza tunapitia supu na chapati tatu, nisidanganye.

*Mleta uzi:*
Mkuu, Pontzer huyo huyo aliwapima Wahadzabe, wale wawindaji wa kule Ziwa Eyasi. Wanatembea kutwa nzima, lakini nishati wanayotumia kwa siku haipishani na ya Wazungu wa ofisini, ukizingatia miili yao. Angalia hizo chapati.

*Mama, miaka 64, Tanga:*
Wanangu, mie kilo zangu ni 60 tangu nastaafu, nikajiona niko salama. Lakini ndoo ya lita 20 niliyokuwa najitwika mwenyewe, siku hizi naigawa mara tatu. Mtaalamu wa mazoezi tiba kaniambia misuli imeondoka, mafuta yamekalia nafasi yake, mizani haioni. Kanipa zoezi la stuli: kaa, inuka bila kushika popote, mara kumi, asubuhi na jioni. Mwezi wa kwanza nilikuwa nashika meza, wajukuu wananicheka. Huu wa nne, mikono nimeikunja kifuani. Ndoo nusu naitwika.

*Mdau:*
Mwenye kiuno cha 39 anasoma tafiti, bibi anafanya mazoezi 😂

*Mleta uzi:*
Shikamoo mama. Nimejaribu hiyo stuli leo ofisini. Ya saba nimeshika meza.