Joto la kukoma hedhi linanimaliza, wamama wa Moshi na Arusha naombeni njia za asili zinazosaidia kweli

MamaCherehani_Pasua

Habari za jioni wapendwa. Naomba waliopita hapa wanisaidie, na kama kuna nesi au dokta humu nitashukuru zaidi. Nina miaka 48, ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Pasua huku Moshi. Tangu mwaka jana siku zangu hazieleweki, zinapotea miezi kadhaa halafu zinakuja nzito mpaka naogopa kuvaa gauni la rangi nyepesi kwenda kanisani. Ila kinachonimaliza ni joto. Linaanzia kifuani linapanda shingoni mpaka usoni, moyo unaenda mbio, dakika chache limeisha nimelowa chapachapa na baridi inaanza kunishika. Juzi nakata satini ya mama wa bibi harusi jasho likadondokea pale pale kwenye kitambaa, na satini mnaijua, tone la maji tu linaacha alama, ikabidi nikanunue kipande kingine kwa hela yangu.

Usiku ndo balaa. Nafungua dirisha mume anafunga anasema mbu wataingia. Silali, asubuhi namfokea mwanafunzi wangu kwa kitu kidogo tu kama kukosea pindo, halafu naenda nyuma ya kibanda nalia. Na lingine nalisema kwa sababu humu hakuna anayenijua, ukavu. Tendo limekuwa maumivu, mzee anafikiri nimemchoka na mimi nashindwa hata pa kuanzia kumwambia.

Nilienda sehemu kupima wakaniambia mama huo ni umri nenda kapumzike, hata presha hawakunipima. Jirani ananiambia kuna mwanamke anauza dawa ya miti shamba sokoni kwenye chupa ya maji, ya kunywa, na majani ya kujifukiza huko chini, eti unarudi kama binti. Sitaki kukimbilia vidonge kama vya asili vipo. Nyie wenzangu nini kiliwasaidia?

Koko_Ngaramtoni

Pole sana mwanangu. Mimi nina 63 nimeshavuka huo mto, nakuhakikishia unavukika, ila usiuvuke peke yako kimyakimya kama mama zetu walivyofanya, wao walikuwa wanaambiwa wamekuwa wakali basi wanaachwa hivyo hivyo.

Anza na nguo. Acha gauni la kulalia la nailoni, lala na kanga ya pamba iliyofuliwa mpaka ikalainika, na kanga nyingine kavu iwe hapo pembeni ya mto ili ukilowa ubadilishe bila kuwasha taa na kutafuta kabatini, maana ukishaamka kabisa usingizi umeondoka. Sisi huku Ngaramtoni baridi ya mwezi wa saba inatufanya tujifunike blanketi moja zito, mimi nilibadilisha nikaweka shuka na vitenge vya tabaka tabaka, joto likija natoa moja, likienda narudisha. Mchana vaa blauzi ya kufunguka mbele. Na hilo dirisha, weka wavu wa mbu dirishani na chandarua kitandani, ugomvi wa mbu unaisha hapo hapo.

Halafu angalia kinachowasha hilo joto. Kwangu ilikuwa chai ya rangi yenye tangawizi nyingi ikiwa moto sana, na pilipili. Mwenzangu mmoja wa Kibosho kwake ilikuwa mbege, akinywa jioni usiku halali. Kila mtu na chake, andika kwenye daftari umekula nini na joto limekuja saa ngapi, baada ya muda utaona mwenyewe. Sisi watu wa kahawa tunaona shida kuiacha lakini jaribu kuiishia asubuhi tu.

Na ule vizuri. Mtindi, mnafu, maharage, dagaa, loshoro (ile ya mahindi na maziwa ya mgando) ukiipata, mtori usiweke mafuta mengi. Kukaa kwenye cherehani kutwa nzima si vizuri, inuka utembee. Mume mwambie mchana, siyo kitandani wakati wote mmechoka. Mwambie mwili wangu unabadilika, sijakuchoka wewe. Wanaume wengi hawajafundishwa haya mambo, wanabaki kuwaza vibaya.

shuga_wa_Sakina

Mi shangazi yangu alitumia shabu na ndimu kule chini akasema panabana vizuri, si na hiyo ni ya asili? Nauliza tu maana nimeisikia sana hapa Arusha

Mkunga_Majengo

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mkunga, nimefanya kliniki za wanawake miaka mingi hapa Moshi, naomba mnivumilie naandika kirefu.

Dada wa Sakina nakuomba usiguse shabu wala ndimu, na usimpe mtu huo ushauri. Mwanamke anayekoma hedhi ukuta wa uke wake umeshakuwa mwembamba na mkavu kwa sababu homoni ya estrojeni imeshuka, ukiweka kitu kinachokausha na chenye asidi unapata michubuko, maambukizi ya mkojo, na hata virusi vinapita kirahisi. Kujifukiza nako ni hivyo hivyo, nimeshaona mama ameungua na mvuke sehemu ambayo hata kukaa ni shida. Uke unajisafisha wenyewe, maji safi kwa nje yanatosha, sabuni zenye manukato acha. Kwa ukavu nenda famasi omba kilainishi cha maji, unatumia wakati wa tendo, na msiwe na haraka. Mafuta ya nazi wengine wanayatumia wanaona sawa, ila kama mnatumia kondomu msiyaguse, mafuta ya aina yoyote yanaichana. Ikiendelea kuuma ipo krimu ya estrojeni ya kupaka ndani, dozi yake ni ndogo, dokta wa magonjwa ya wanawake anaiandika.

Ile chupa ya sokoni usinywe. Siyo kwamba nadharau miti shamba, mimi mwenyewe mchaichai nakunywa jioni na unanituliza. Lakini chupa isiyo na jina hujui ni majani gani, yamechemshwa lini, kipimo gani, na ini lako na figo ndo zitakazopambana nayo, tena kama una dawa ya presha au sukari zinaweza kugongana. Soya kama chakula ni sawa, ina vitu vinavyofanana kidogo na estrojeni, kuna wanaosema joto linapungua kiasi na wengine hawaoni tofauti. Weka unga wake kidogo kwenye uji wa ulezi, ni chakula kizuri hata usipopata nafuu ya joto.

Sasa mama wa Pasua, kukoma hedhi kunahesabika ukimaliza miezi 12 mfululizo bila kuona siku, wengi ni kati ya miaka 45 na 55. Wewe uko kwenye kipindi cha kuelekea huko, na homoni hapo zinapanda na kushuka bila mpango, ndo maana ile sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili inachanganyikiwa, mabadiliko kidogo tu inaamuru mwili utoe jasho. Wala hujalogwa, wala siyo hasira zako za asili. Kwa wengi linakaa miaka kadhaa, ila ukali wake haubaki ule ule.

Likianza kupanda usipambane, weka mkasi chini, pumua pole pole kwa tumbo, toa pumzi ndefu kuliko uliyoingiza, na uwe na chupa ya maji baridi na taulo dogo hapo kwenye cherehani. Taulo hilo liwekwe shingoni unaposhona satini.

Ila kuna vitu sitaki uviite umri. Damu nzito nenda kapimwe wingi wa damu, na kama unabadilisha pedi kila saa moja nenda siku hiyo hiyo. Ukishamaliza ile miezi 12 halafu ukaona damu hata tone, nenda hospitali hata kama haiumi, maana inaweza kuwa saratani ya nyumba ya uzazi ambayo ikiwahiwa inatibika. Jasho la usiku lenye kukohoa na kukonda nenda kapime TB, tusidanganyane. Moyo kwenda mbio na kukonda mara nyingine ni shida ya tezi ya shingoni. Na presha upimwe, maana baada ya kukoma hedhi hatari ya magonjwa ya moyo inapanda kwetu wanawake.

Kwa umri wako omba na kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi, ile ya kupaka siki, hospitali za Mawenzi na KCMC wanafanya, na kwa Arusha hospitali ya Mount Meru. Fanya sasa, ukishakoma kabisa ile sehemu inayotakiwa kuangaliwa inaingia ndani na inakuwa ngumu kuiona. Siyo kipimo cha kuogopa, ni dakika chache.

Na vidonge usiviogope kama adui. Tiba ya homoni ndo yenye nguvu kuliko zote kwa joto, siyo ya kila mtu, aliyewahi kuugua saratani ya matiti au damu kuganda kwenye mishipa hapewi kiholela, na mwenye kizazi anapewa homoni mbili siyo moja. Hayo unaongea na dokta. Kama ulipoenda hawakukusikiliza nenda kwingine, una haki hiyo.

baba_K_Kiborloni

Nimesoma yote. Mke wangu yuko hapo hapo kwenye hiyo hali na mimi nilikuwa najua ananuna tu. Nimemuuliza jana usiku akaongea mpaka saa sita. Wanaume tulio humu tuwaulize wake zetu, na tuwasindikize hospitali, siyo kuwaachia nauli mezani.

MamaCherehani_Pasua

Aika sana wapendwa, nimesoma nikiwa nalia lakini siyo kwa uchungu. Chupa ya sokoni nimeiacha. Mkunga naomba nikuulize mawili. Maziwa mabichi yananijaza gesi, sasa mifupa nitailindaje? Na je naweza kuacha njia ya uzazi wa mpango maana siku zenyewe hazionekani?

Mkunga_Majengo

Usiache mama yangu. Kuruka kwa siku siyo kwamba mayai yameisha, kuna wanaoshika mimba wakidhani ni menopozi. Ukiona siku ya mwisho kabla ya miaka 50 endelea na kinga miaka 2, ukiona baada ya 50 endelea mwaka 1. Ila kama unatumia njia ya homoni mwambie nesi wa kliniki, kwa sababu zingine zinakatisha siku zenyewe na hapo kuhesabu kunakuwa kugumu.

Maziwa kunywa ya mgando, ile sukari inayokujazia gesi imeshapungua kwenye kuganda. Kikombe kimoja kinakupa kama miligramu 300 za kalsiamu, na mwanamke aliyevuka 50 anahitaji kama 1200 kwa siku, kwa hiyo ongezea dagaa wale wadogo unaowala na mifupa yao, na uji wa ulezi, ulezi una kalsiamu nyingi kuliko mahindi kwa mbali sana. Mchicha ni mzuri kwa mengine ila kalsiamu yake mwili hauichukui vizuri, usiutegemee huo peke yake. Jua la kwenda sokoni kwa mguu linakupa vitamini D. Na mifupa inataka uzito, tembea kwa haraka mpaka upumue kwa nguvu kidogo, nusu saa siku tano kwa wiki, kwenye kiti cha cherehani simama ukae mara kumi bila kushika meza kila ukimaliza nguo. Misuli ya nyonga nayo uibane na kuiachia, bana hesabu mpaka tano, rudia mara kumi asubuhi, mchana na jioni, hapo hapo unaposhona hakuna atakayejua, inasaidia mkojo usitoke ukicheka au kupiga chafya.

Jumatatu nenda Mawenzi asubuhi mapema na kadi yako ya bima kama unayo, na uandike hayo yote kwenye karatasi usije ukafika ukasahau, hasa ile ya ukavu, watu wengi wanaiona aibu wanaondoka bila kuitaja.

Koko_Ngaramtoni

Na huyo mwanafunzi wako wa pindo kamwombe radhi, umweleze kidogo, na yeye atapita huko huko. Ukirudi Mawenzi tuandikie walichosema.