Pasi ya risasi (soldering iron) kwa anayeanza: wati 30 ya kawaida au wati 60 ya kurekebisha joto?

MtuWaUyole
Habari zenu wakuu. Redio ya bibi, ile ndogo ya betri bapa BL-5C, sistimu chaji (pale unapochomeka waya wa chaja) imelegea, haichaji mpaka waya uushikilie na kidole. Nataka nichomee mwenyewe nijifunze maana bibi bila redio hakai. Hapa Mbeya sokoni Mwanjelwa nimekuta pasi mbili, ya wati 30 unachomeka tu kwenye umeme basi, na ya wati 60 yenye kinobu cha kurekebisha joto 200 mpaka 450 ila bei imechangamka. Nichukue ipi?

Mnyalukolo_IR
Kaka chukua ya 30. Hapa Iringa, Mashine Tatu, waya za spika, swichi, waya za betri zote napiga na hiyo hiyo. Risasi ya 60/40 (bati 60, ledi 40) inayeyuka kwenye digrii 190 hivi, sasa 450 ya nini? Utang'oa kopa ya bodi (yale madini ya shaba yanayoshikia risasi) bure.

fundi_kabwe
Mnyalukolo kwa waya uko sahihi kabisa, ila mwenzetu ana sistimu chaji. Ile ina vimiguu vya bati la nje na vimeshikwa kwenye kopa pana ya negativu, ukigusa na pasi dogo joto lote linanywewa na bodi, risasi inabaki nzito kama uji uliopoa, mtu anaanza kukandamiza na kuvuta na hapo ndo kopa inapong'oka!! Kinachoua bodi mara nyingi ni kukawia juu yake. Chukua ya 60, weka 350, ncha iwe bapa kama patasi sio ya sindano, gusa sekunde mbili tatu toa. Na risasi ya kiwandani siku hizi nyingi haina ledi, inataka 217 kwenda juu, kwahiyo yeyushia risasi yako ya 60/40 juu yake kwanza, zikichanganyika inalainika ndo utoe.

dada_mafinga
Naongezea, betri itoe KABLA hujawasha pasi, lithiamu sio ya kuchezea. Fungua dirisha hata kama baridi la mwezi wa 6 linauma, ule moshi usiuvute, ukimaliza nawa mikono ndo ule, risasi ina ledi.

MtuWaUyole
Asanteni sana. Na vile vipini vitano vidogo vya nyuma ya sistimu chaji? Vimebanana mno

fundi_kabwe
Kwa kuchaji tu ni viwili vya mwisho, huku positivu huku negativu, vya kati ni vya data. Paka rozini (utomvu unaosaidia risasi ishike), weka risasi kidogo sana. Ukimaliza pima na mita hivyo viwili visiwe vimeshikana, ndo urudishe betri.

Mnyalukolo_IR
Haya kwa sistimu chaji nakubali, 60. Ila dogo usianzie kwa bibi. Omba bodi mbovu kwa mafundi, wanazo za kutupa, ng'oa na rudisha vitu mpaka risasi ikae inang'aa na imetandaa vizuri kwenye kopa. Na wakikuuzia ile asidi ya mafundi bati kataa, inakula kopa taratibu, nunua risasi yenye rozini ndani.

MtuWaUyole
Sawa kaka, jumamosi nashuka Mwanjelwa. Rozini inauzwa peke yake au mpaka uagize?

fundi_kabwe
Ipo, ya kikopo. Ulizia maduka ya spea za simu.