V-Strom 650 ya mtumba, Kampala hadi Kisoro na mama watoto nyuma, nianze na nini?

mpanda_milima
Wakubwa salamu. Nimepata pikipiki ya Suzuki, V-Strom 650 used kutoka Japani, mjini inaenda poa kabisa haina kelele. Mwezi wa 12 nataka kuipandisha hadi Kisoro, Masaka, Mbarara, Kabale halafu zile kona, na mama watoto atakuwa nyuma. Shida ni pesa iliyobaki si nyingi. Kuna jamaa ananiuzia maboksi matatu ya alumini na keria zake, bei si mbaya, lakini nasita maana sijui kama piki yenyewe inadai kitu kwanza. Nyie wa safari ndefu mnaangalia nini kabla ya kutoka?

spana_kumi
Maboksi yangoje ssebo. Anza na tairi, na usidanganywe na meno, hizi za Japani zinakuja na meno mazuri lakini mpira umeshakauka. Ubavuni tafuta maandishi ya DOT, zile namba nne za mwisho ndo umri wake, ukikuta 2916 ni wiki ya 29 ya mwaka 2016, hiyo toa hata kama inang'aa, ukikutana na mvua Lwera, pale bondeni kabla ya Masaka, inateleza kama sabuni. Pili cheni. Shika cheni pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa, yaani lile gurudumu la meno linalozungushwa na cheni, uivute, ikiachia meno ukaona mwanga katikati basi imeisha, na ubadilishe na sproketi zote mbili sio cheni peke yake, sproketi iliyochakaa inakula cheni mpya upesi sana. Mafuta ya breki nayo toa yote weka mapya ya daraja la DOT 4 (hii si ile DOT ya tairi), yanavuta unyevu, halafu kwenye mteremko mrefu breki zikipata moto yanachemka na lever inakuja mpaka kwenye grip, hiyo uulize watu wa Kanaba, kule milimani kati ya Kabale na Kisoro. Mwisho nyanyua gurudumu la mbele geuza usukani taratibu, ukihisi unakwama pale katikati hizo ni beringi za usukani zimechoka.

boxer150_tu
Mnapenda gharama nyie 😂 mimi Kisoro naenda na Boxer, begi nimefunga na mpira wa tyubu, spea ziko kila trading centre. Hiyo V-Strom ikikata kebo ya klachi hapo Ntungamo utaipata wapi?

spana_kumi
@boxer150_tu hapo kweli, ndo maana kebo ya akiba anaifunga kabisa sambamba na ile ya zamani, inabaki kuunganisha tu.

mzee_wa_lami
Fundi amesema vizuri mimi naongeza ya mzigo, maana piki ikiwa tupu na ikiwa na watu wawili ni piki mbili tofauti. Pale ubavuni karibu na kiti kuna kitasa cha kukaza springi ya nyuma, kizungushe kabla mama hajapanda, usipokaza nyuma inakaa chini, usukani unakuwa mwepesi na taa inaangalia juu unawapofusha wenye malori. Upepo wa tairi, mbele 33 psi, nyuma 36 ukiwa peke yako na 41 mkiwa wawili, pima asubuhi tairi ikiwa baridi. Cheni iache icheze milimita 20 hadi 30, usikaze sana eti kwa sababu ya mzigo, mzigo wenyewe unaikaza zaidi. Vitu vizito viweke chini na mbele, boksi la juu liwe la koti la mvua na mkate. Na koti mbebe la kweli mwanangu, Kabale iko juu ya mita 1,800, baridi yake si ya Kampala. Usiku msitembee, kuna ng'ombe, kuna boda bila taa, kuna lori limeharibika limewekewa matawi tu barabarani.

Halafu siku moja ipakie kila kitu, mama akiwemo, mwende Masaka mle samaki mrudi. Yote yanayolegea yatalegea hapo karibu na nyumbani.

mpanda_milima
Asanteni sana wazee. Nimetoka kuangalia, ya mbele 1419, ya nyuma 0815!! Maboksi nimemwambia jamaa aendelee kutafuta mteja, nitachukua mabegi ya turubai. Swali moja, pancha nje ya mji inakuaje? Mafundi wengi huko wamezoea tyubu

spana_kumi
Rim zako hazitumii tyubu, kwa hiyo usikubali mtu aing'oe tairi na vyuma vyake akakwaruza rim. Beba kit ya zile kamba za mpira na pampu ndogo ya kuchomeka kwa betri, toa msumari, sindilia kamba, jaza upepo, dakika kumi mmeondoka. Na kabla hujatoka pima betri injini ikiwa inanguruma, ikibaki chini ya volti 13 ukiongeza resi, njoo kwanza Ndeeba hapa Kampala tuangalie chaji.