Mjadala: Je, filamu za makaboi zina deni kwa historia?

Kila unapozuka mjadala juu ya filamu za makaboi, hoja moja hurudiwa: filamu ni sanaa, na anayetaka historia aende maktaba. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Mtunzi ana haki ya kurefusha pambano, kubuni mapenzi na kumpamba shujaa wake. Ninachokipinga ni kubadilisha sababu ya tukio la kweli huku majina halisi ya watu na mahali yakibakizwa.

Tulitazame pambano la O.K. Corral, lililotokea Tombstone, Arizona, tarehe 26 Oktoba 1881. Lilidumu nusu dakika hivi, katika kiwanja chembamba kando ya studio ya mpiga picha, na waliouawa walikuwa watatu: Billy Clanton na ndugu wawili, Tom na Frank McLaury. Uhasama kati ya kundi lao na ndugu wa Earp ulikuwapo tangu awali, lakini kilichowakutanisha siku hiyo ni sheria ndogo ya mji iliyokataza kubeba silaha hadharani. Virgil Earp, mkuu wa polisi wa mji, alifuatana na ndugu zake Wyatt na Morgan, pamoja na Doc Holliday, kwenda kuwanyang'anya silaha. Baadaye shauri lilisikilizwa kwa takriban mwezi mzima mbele ya Jaji Wells Spicer, ambaye hakuona sababu ya kuwashtaki ndugu wa Earp na Holliday.

Katika filamu ya John Ford ya mwaka 1946, My Darling Clementine, chanzo ni kingine kabisa: James Earp ameuawa, ng'ombe wameibwa, na ndugu zake wanataka kisasi. James wa kweli aliishi hadi 1926. Mzee Clanton, baba yake Billy, anayeongoza genge katika filamu, alikuwa amekwisha kuuawa miezi miwili kabla ya pambano. Holliday, aliyekuwa daktari wa meno na kufa kwa kifua kikuu mwaka 1887, anageuzwa daktari wa upasuaji na kufia pambanoni. Hili la Holliday nalisamehe. La kisasi silisamehi, kwa kuwa linamwachia mtazamaji picha ya nchi ambamo bunduki ya mtu binafsi ndiyo iliyoleta amani, ilhali wakazi wa Tombstone, kama wale wa Dodge City kule Kansas, walikuwa wameamua wenyewe kwamba silaha zisibebwe mjini.

Kuna pia walioachwa nje ya picha. Kazi ya kuswaga ng'ombe ilirithiwa kwa Wameksiko, na Weusi wengi waliifanya. Bass Reeves, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1838, alikuwa askari wa serikali kuu kwa zaidi ya miaka 30, lakini Hollywood ya enzi hizo haikumwona. Katika filamu nyingine ya Ford, The Searchers ya 1956, Wanavajo waliigiza kama Wakomanche, kabila jingine la Wenyeji wa Amerika, na chifu wao akaigizwa na Henry Brandon, mzaliwa wa Ujerumani.

Wanaotetea burudani nawaomba wajibu swali hili: ikiwa ukweli hauna uzito, kwa nini Ford hakubuni mji wake na watu wake? Yeye mwenyewe alidai kwamba Wyatt Earp ndiye aliyemsimulia pambano lilivyokwenda, na dai hilo lina maana tu kwa mtazamaji anayeamini kwamba anaonyeshwa jambo lililotokea.