Cheti kimeandikwa "zoisaiti", je jiwe la baba ni tanzanaiti kweli?

Neema_Mchagga: Habari zenu wakuu. Naombeni msaada maana jana sijalala vizuri. Baba aliniachia pete ya jiwe la bluu, aliinunua Arusha miaka ya nyuma na siku zote ametuambia ni tanzanaiti. Sasa nimeipeleka kupimwa, cheti kimerudi, penye jina la madini wameandika zoisaiti, tanzanaiti ipo mstari wa chini yake. Ina maana mzee aliuziwa kitu kingine? Hilo jina sijawahi kulisikia maisha yangu yote.

broka_wa_Mererani: Dada lala usingizi, mzee hakuibiwa. Zoisaiti ndo madini yenyewe, tanzanaiti ni zoisaiti iliyopata rangi ya bluu au zambarau kwa sababu ndani yake kuna vanadi kidogo, aina ya metali. Kwahiyo cheti chako kimeandikwa sawasawa, juu ukoo chini jina lake. Zoisaiti zipo sehemu nyingi duniani ila hii ya bluu ya kuuza inatoka Mererani tu, Simanjiro, kaeneo kadogo sana. Hata pale Longido kuna zoisaiti, ya kijani yenye rubi ndani, wanaiita anyolaiti, kutoka neno la Kimasai anyoli yaani kijani.
Jina zoisaiti ni la mtu, Zois, baroni mmoja wa Slovenia aliyekuwa anakusanya mawe, lilitolewa mwaka 1805. Ya kwetu ikaonekana 1967, na mwaka uliofuata Tiffany, wauza vito wa New York, wakaipa jina la nchi yetu kwa ajili ya biashara. Inasemwa waliona zoisaiti kwa Kiingereza inakaribia kusikika kama neno la kujiua, nani atamvisha mchumba wake pete ya jina hilo? Mimi roho yangu inafurahi kila nikisikia mzungu anatamka Tanzania bila kujua akitaja jiwe.

fundi_vito: Naongezea. Neema toka nje na pete asubuhi, igeuze taratibu ukiangalia kwa pembeni. Tanzanaiti ina rangi tofauti kila upande, bluu, zambarau, na upande mwingine wekundu wa kahawia, ila kama imechomwa huo wa tatu unafifia. Nyingi zinatoka shimoni zikiwa kahawia kabisa, zinachomwa kwenye moto wa nyuzi kama 500 au 600 ndo bluu inafunguka, na huo sio utapeli, ni kawaida ya jiwe hili. Halafu usifanye nayo kazi za jikoni, sio gumu kama rubi, ukiligonga kwenye sinki linaweza kupasuka.

Mwalimu_Kisw: Nami niseme la lugha maana humu naona watu wanaandika "madini hii" na roho inaniuma. Ni madini haya, tanzanaiti hii, tanzanaiti hizi. Ukitaka moja sema jiwe la tanzanaiti. Madini limetoka Kiarabu na hiyo ma- ya mbele ni ya neno lenyewe, ukiikata unabaki na dini, ambayo ni habari nyingine kabisa. Na jina limeshatoka kwenye vito siku nyingi, timu yetu ya mabinti chini ya miaka 20 inaitwa Tanzanite, lile daraja jipya la Dar kule Selander nalo ni Tanzanite. Sijui lugha ngapi zimepata bahati ya jiwe kama hili.

Neema_Mchagga: Asanteni sana jamani, Mungu awabariki. Nimetoka nayo uani saa hii, nimegeuza, bluu, nikainamisha kidogo zambarau ikaingia, ule wekundu sijauona kwahiyo itakuwa imechomwa. Nampigia mama sasa hivi.