Kiamazigh shuleni: mliosoma Moroko na Aljeria, wenyeji waliwaambiaje? Tupeane uzoefu

Mpangaji wa Agadir
Wakuu, salaam. Nianze mimi. Nilikaa Agadir miaka minne, nimepanga kwa familia ya Kiamazigh, wale wenyeji wa asili wa Afrika Kaskazini (neno "Berberi" hawalipendi, msije mkaumbuka). Mwenye nyumba alikuwa anaongea Tashelhit, Kiamazigh cha kusini ya Moroko, toka alfajiri mpaka anapolala. Siku bintiye aliporudi na daftari la Tifinagh, zile herufi zenye viduara na misalaba, mzee akalisogeza kando ya sahani ya mkate: "Hii anaijua toka tumboni. Wampe Kifaransa, ndicho chenye mshahara." Na ni yuleyule anayejisifu kwamba 2011 aliipigia kura katiba iliyoifanya Tamazight (yaani Kiamazigh) lugha rasmi! Ilinichukua muda kumwelewa. Nyie je?

Mvita Ughaibuni
Mie nilikuwa Nador, kaskazini ya Moroko, kwa Warifi, Waamazigh wa milima ya Rif. Bibi wa pale tatu anaita "tlata" (isikieni thelatha hiyo). Mjukuu karudi shule anahesabu "yan, sin, krad". Bibi akamkata: "Hicho cha watu wa kusini, si chetu." Kitabu cha shule kinajaribu kuziunganisha lahaja tatu, Tarifit ya hao Warifi, Tashelhit na ile ya milima ya Atlas ya kati. Kazi hiyo inafanywa na taasisi yao ya utamaduni wa Kiamazigh, IRCAM, na somo lilianza 2003. Bibi nilimwelewa papo hapo. Kwetu Mombasa tukisema "ndoo", mwalimu anataka "njoo", na fimbo iko mkononi.

Baridi ya Tizi
Nyie mnaongelea Moroko. Njooni Kabylia, eneo la Waamazigh wa Aljeria, muone watu wasiotaka mzaha. Baba wa mwenzangu wa chumba alikuwa mwanafunzi mwaka wa shule wa 1994-95, ule wa mgomo wa mikoba, watoto walipokaa nyumbani miezi na miezi kudai lugha yao ifundishwe. Darasa alilirudia, na anavyolisimulia utadhani alirudi vitani na medali. Huko wanaandika kwa herufi za Kilatini, na ukitaja za Kiarabu chai inapoa kabla ubishi haujaisha. Nikashuka Algiers, muuza duka akaniambia somo ni la hiari, mwanawe kamtoa, "atamsemesha nani hapa?" Umbali wa saa mbili tu kwa gari, jamani.

Mpangaji wa Agadir
Kumbe bibi na muuza duka kila mmoja ana lake. Kuna aliyeingia darasani kabisa?

Chaki Nyeupe
Mimi, Marrakech, nilikuwa nasaidia Kiingereza kwa kujitolea. Ratiba ukutani: Tamazight, saa tatu kwa wiki. Wiki sita nilizokaa pale, vile vipindi vilikuwa vya hesabu na imla ya Kiarabu. Mwalimu mwenyewe alisomea Kiarabu, hili kapachikwa baada ya semina ya siku chache. Nikamuuliza vitabu viko wapi. Akafungua kabati, vipya kabisa, bado vimefungwa kamba.

"Mkaguzi akija," akasema, "tunakata kamba."